Neno "maumbile" darasani na katika Kanuni ya Adhabu

Mwalimu, Moshi
Ndugu zangu, ninafundisha biolojia kidato cha sita. Juzi, chaki ikiwa bado mkononi baada ya kuchora kromosomu X ubaoni, mwanafunzi aliniuliza: "Kama mapenzi ya jinsia moja yana asili mwilini, kwa nini sheria inayaita kinyume cha maumbile?" Nilimwahidi jibu, na sitaki kumdanganya. Nimwambie nini?

Daktari, Arusha
Mwalimu, mweleze ukweli wote. Mwaka 1993 Dean Hamer, mwanasayansi wa vinasaba wa Marekani, alidai kuona alama inayohusiana na mapenzi ya jinsia moja kwa wanaume kwenye ncha ya kromosomu hiyohiyo uliyoichora, eneo la Xq28. Lakini utafiti wa mwaka 2019, uliochunguza vinasaba vya watu zaidi ya 470,000, haukukuta jeni moja inayoamua jambo hili, bali sehemu nyingi zinazochangia kila moja kidogo sana. Hilo halithibitishi kwamba mtu hujichagulia, kwa kuwa hata kimo chetu hakina jeni moja.

Wakili, Moshi
Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, chenye adhabu isiyopungua miaka 30 jela, kina maneno tuliyoachiwa na Waingereza, ambao waliyatunga kwanza kwa ajili ya India mwaka 1860, na "maumbile" ya humo hayakutoka maabara. Kwa hiyo nawasihi tusiiegemeze haki kwenye jeni. Mwaka 2014 wanasayansi wa Uganda walimwambia Rais Museveni kwamba hakuna jeni moja na kwamba huu si ugonjwa. Akashika la kwanza, akatia saini sheria dhidi ya mapenzi ya jinsia moja. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ya Kenya nayo, ikikataa kufuta kosa hili, ilisema haikuthibitishwa kisayansi kwamba watu huzaliwa hivyo. Mwaka huohuo majaji wa Botswana walifuta kosa kama hili kwa hoja za utu, faragha na usawa. Ibara ya 12 ya Katiba yetu inaheshimu utu wa kila mtu bila kumdai cheti cha vinasaba, na Ibara ya 19 inalinda hata dini, ambayo mtu ana uhuru wa kuibadili.

Mama, mzee wa kanisa, Arusha
Wakili mwanangu, mimi naamini ni dhambi, na sitaficha. Lakini ziko dhambi nyingi ambazo hatumpeleki mtu polisi kwa ajili yake, na miaka 30 ni umri mzima wa mtoto wa mtu. Mwalimu, huyo kijana aliuliza mbele ya wenzake?

Mwalimu, Moshi
Ndiyo, mama. Wenzake waliguna, naye akaendelea kunitazama mpaka kengele ikalia. Jumatatu nitaanza na Xq28, kisha nitawasomea Ibara ya 12.