Nywele za binti yangu zinashikana kwa mafuta kabla ya adhuhuri

MamaNuru, Kisauni

Assalamu alaikum, na habari zenu nyote. Nina binti aliyetimiza miaka 11 mwezi uliopita, na tangu kaskazi ianze nywele zake zimenishinda. Ni nywele za singa, amezirithi kwa babake, na miaka yote nilikuwa nikimwosha Ijumaa kwa Ijumaa, nikampaka mafuta ya nazi, nikamsuka mikia miwili, basi zikakaa vizuri wiki nzima. Siku hizi nikimwosha usiku, kesho yake akirudi kutoka shule kula chakula cha mchana huwa nywele za utosini zimelala na kushikana vishungi vishungi, ilhali ncha zake ni kavu na zinakatika. Foronya yake imefanya duara la manjano ambalo halitoki hata nikiiloweka usiku kucha.

Juzi alivua mtandio mbele ya binamu zake, na mmoja akamwuliza kama siku hizi haogi. Tangu hapo hauvui, si mchana si usiku, hata akilala. Hilo ndilo lililonifanya niandike, maana nywele ningezivumilia.

Nimejaribu kumwosha kila siku kwa sabuni ya kipande, nikajaribu limau, nikajaribu poda ya watoto iliyomwacha na kichwa cheupe kama aliyeangukia unga. Maji tunayotumia ni ya kisima na yana chumvi, kwa kuwa ya mfereji hufika mara mbili kwa wiki na tunayaweka kwa kunywa na kupikia. Naomba kujua kama hili ni jambo la kubaleghe (hajavunja ungo, ila kwapa limeanza kutoa harufu), kama ni kweli asemavyo dada yangu kwamba kuosha mara kwa mara ndiko kunakozidisha mafuta, na kama mafuta ya nazi niyaache kabisa.

Msusi wa Majengo

Wa alaikum salaam, Mama Nuru. Mimi kazi yangu ni nywele, na mabinti wa umri huo nawapokea kila likizo ya shule, wengi wao wakiwa wameletwa na mama waliokwisha kukasirika. Kabla ya kununua chochote, naomba umketishe mahali penye mwanga, umpasue nywele katikati kwa kitana, kisha ubandike kipande cha karatasi ya shashi juu ya ngozi kwa muda wa kuhesabu hadi kumi. Halafu pitisha kitana chembamba kutoka shinani hadi nchani na utazame kilichobaki kwenye meno yake. Karatasi ikionyesha doa linalopitisha mwanga, hayo ni mafuta yatokayo mwilini mwake. Kitana kikitoka na utando mweupe, mzito, unaonata kama nta, basi huo ni uchafu wa sabuni, na nina hakika nusu ya tabu yako imo humo.

Sabuni ya kipande na maji ya kisima havipatani. Maji yetu mengi ya visima vya pwani ni maji magumu, na sabuni ikikutana na chokaa iliyomo ndani yake huganda, haifanyi povu, na ule mgando hauyeyuki tena bali hujipaka kwenye nywele. Kwa hiyo kadiri ulivyomwosha ndivyo nywele zilivyozidi kunata, nawe ukadhani ni mafuta. Shampuu haigandi namna hiyo, hata iwe ya bei ya chini kabisa dukani. Muhimu ni kwamba isiwe ile iliyoandikwa kwamba ni ya nywele kavu au ya kulainisha, kwa kuwa hizo huongeza mafuta. Maji ya mfereji yakija, weka kando jagi moja tu kwa ajili ya suuza ya mwisho. Siku ambazo hayapo, tia kijiko kimoja cha chakula cha siki nyeupe katika lita moja ya maji, ajimwagie kichwani akiwa amefumba macho, kisha asuuze tena.

Kuhusu namna ya kuosha, watoto wengi husugua nywele na kuisahau ngozi. Shampuu ni ya ngozi ya kichwa. Aitie kwanza viganjani, aisambaze utosini, nyuma ya masikio na kisogoni, asugue kwa nyama za vidole na si kwa kucha, asuuze, kisha arudie mara ya pili, ambapo ataona povu limekuwa jingi kuliko mara ya kwanza. Ncha zitasafishwa na lile povu linaloteremka. Kondishona apake kuanzia usawa wa masikio kwenda chini tu. Kwa nywele za singa na joto hili, mara moja kila baada ya siku mbili yatosha kuanzia, na akihitaji kila siku si vibaya. Mwenye nywele za kipilipili nisingemwambia hivyo, kwa sababu kwake mafuta hayateremki kwa wepesi kwenye unywele uliojiviringa, naye akioshwa kila siku zitamkatika. Nasema haya kwa kuwa huenda jirani yako akakupa ushauri ulio sahihi kwa mwanawe na usiofaa kwa wako.

Bibi wa Kuze

Mama Nuru mwanangu, nami nimewalea mabinti wanne katika Mji wa Kale huu, na wajukuu sasa. Msusi amesema kweli, lakini nisingependa mtu asome hapa akaenda kumwaga chupa yake ya mafuta ya nazi. Kosa ni kuyapaka baada ya kuosha na kuyaacha kichwani wiki nzima, juu yake ukafunga mtandio, juu yake jua la kaskazi. Sisi tulipakwa kabla ya kuoga: mama alikuwa akichemsha tui hadi mafuta yajitenge, akitupaka nchani saa moja kabla ya kuoshwa, kisha yote yakatoka na maji. Kwa mtoto ambaye utosi wake unatoa mafuta wenyewe, mpake nchani tu, tena kidogo, na utosi uuache.

Majani ya mkunazi yaliyokaushwa na kupondwa hutoa povu na husafisha pasipo kukausha mno, ila wajukuu wangu waliyakataa kwa kuwa wanajua kwamba ndiyo yanayotumika kumwoshea maiti, nami sikuwalazimisha.

Lakini nililotaka kusema hasa ni hili la mtandio. Zamani msichana alikuwa na somo wake, mtu asiye mama yake, aliyeweza kumwambia mambo ya mwili pasi na haya, na mama hakuhitaji kumkagua mwanawe kichwa mbele ya watu. Una dada, au wifi, ambaye binti anampenda? Si huyo aliyekwambia usimwoshe, mwingine. Mwache yeye amwambie kwamba haya mafuta yatampata kila mmoja wa hao binamu zake, na huyo aliyeuliza pengine ndiye anayefuata.

Mfamasia wa Tudor

Nimesoma majibu yaliyotangulia, na kwa kuwa Mama Nuru ameuliza maswali matatu mahususi, nitajaribu kuyajibu mawili, maana la mafuta ya nazi Bibi amekwisha kulijibu.

Ndiyo, ni balehe, hata kama hajavunja ungo. Kwa kawaida wasichana huanza kubaleghe kati ya miaka 8 na 13, na wavulana kati ya miaka 9 na 14, na kuvunja ungo huja baadaye, yapata miaka miwili au zaidi baada ya matiti kuanza kuota. Lakini hata kabla ya hapo, tezi zilizo juu ya figo huwa zimekwisha kuanza kutoa homoni za jamii ya androjeni, zile ziitwazo za kiume, ambazo wasichana nao wanazo. Homoni hizo huziamsha tezi ndogo za mafuta zilizopo kando ya kila shina la unywele, na ndiyo sababu harufu ya kwapa, nywele za mafuta na chunusi za kwanza za paji la uso mara nyingi hufuatana. Tezi hizi zimejaa zaidi kichwani, usoni, kifuani na mgongoni juu. Viganjani na nyayoni hazipo kabisa. Joto huyafanya mafuta yawe mepesi na kutambaa upesi, na jasho likichanganyika nayo chini ya kitambaa, mtoto aliyeoga asubuhi huonekana kama hakuoga.

Kuhusu dada yako, hiyo ni imani iliyoenea sana lakini si sahihi. Tezi hupokea amri kutoka kwa homoni ndani ya damu, hazina njia ya kujua kwamba nywele zimeoshwa, kwa hiyo kuosha hakuzifanyi zitoe mafuta zaidi. Kinachoweza kutokea ni ngozi kukauka na kuwasha kwa sababu ya sabuni kali. Limau uliache leo hii: maji yake yakibaki kwenye ngozi na mtoto akatoka juani, yanaweza kuiunguza na kuacha mabaka meusi kwa majuma kadhaa. Magadi ya kupikia pia yasitumike, kwa kuwa ngozi ya kichwa ina asidi kidogo na magadi huivuruga. Poda hufyonza mafuta kwa saa chache, haisafishi, na vumbi lake si jema kwa mapafu.

Jambo moja la kutazama kwa makini. Mafuta yakizidi, aina ya kuvu inayoishi katika ngozi ya kichwa cha kila mtu hupata chakula na kuongezeka, na hapo ndipo mba huzuka. Ukiona maganda ya manjano yenye mafuta nyuma ya masikio au kwenye nyusi, pamoja na mwasho, yapo mashampuu ya dawa katika duka lolote la dawa, yenye zinki pirithioni au ketokonazo. Hii ya pili, kwa mtoto ambaye hajafika miaka 12, usiinunue bila kumwuliza mfamasia au daktari. Shampuu ya dawa huachwa kichwani dakika tatu hadi tano kabla ya kusuuzwa, na wengi hulalamika kwamba haifanyi kazi kwa sababu huisuuza papo hapo. Lakini ukiona sehemu zenye upara wa duara, au nywele zimekatika na kubaki vidoa vyeusi, huenda ni mapunye, na hayo hayaponi kwa shampuu peke yake. Huhitaji dawa ya kumeza kutoka kwa daktari, na kitana kisichangiwe na wadogo zake.

BabaWawili, Changamwe

Naongeza dogo kwa wenye wavulana. Mwanangu ana miaka 13, na tatizo lake lilikuwa hilohilo. Ushauri wa kwanza niliopewa na kila mtu, kinyozi akiwa mbele yao, ulikuwa ni kumnyoa. Nilimnyoa, na kichwa kikang'aa kama sufuria jipya, kwa kuwa tezi ziko chini ya ngozi na wembe hauzifikii. Kilichosaidia ni kufua kofia. Alikuwa na kofia moja ya vito aliyopewa na babu yake, anayoivaa madrasa kila jioni, na ukingo wake wa ndani ulikuwa umekuwa mweusi na mgumu. Chunusi zake zilikuwa zimepangika pale pale ukingo unapokaa. Sasa anazo kofia tatu za bei rahisi anazozibadilisha, na ile ya babu ni ya Idi. Mama Nuru, hesabu mitandio ya binti yako, na utazame kama ni ya pamba au ya nailoni.

MamaNuru, Kisauni

Nimerudi baada ya majuma matatu, na nawashukuru nyote. Kitana kilitoka na utando mweupe, Msusi, tena mwingi, hata nikaona haya kwa namna nilivyokuwa nikimlaumu mtoto. Sabuni tumeiacha. Anaosha kwa shampuu kila baada ya siku moja, jioni baada ya alasiri ili zipate kukauka kabla ya kulala, kwa kuwa niligundua alikuwa akifunga mtandio juu ya nywele mbichi ili asionekane, na zikikaa hivyo hadi asubuhi zilitoa harufu ya uvundo. Mitandio yake ilikuwa ya nailoni yote isipokuwa mmoja. Nimemnunulia miwili ya pamba Marikiti.

Utosi bado unatoa mafuta. Ifikapo jioni ya siku ya pili huonekana, lakini si kama zamani, na ncha zimelainika kwa ule mtindo wa kupaka nazi kabla ya kuoga. Mba sikuuona. Kuhusu somo, Bibi, wifi yangu alikuja akakaa naye chumbani mlango ukiwa umefungwa kwa muda wa saa nzima, na sijui walizungumza nini kwa sababu hakuna aliyeniambia. Jana binti alipita sebuleni kichwa wazi, akachukua jagi lake la maji ya mfereji, akaniambia nisimwage lililobaki.

Limebaki swali moja tu. Foronya zile za duara la manjano nizifanyeje?

Msusi wa Majengo

Usiziloweke kwanza, maji huyazuia mafuta yasitoke. Zikiwa kavu, paka juu ya lile duara sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, isugue kwa vidole, iache robo saa, kisha ufue kwa maji ya moto. Na badilisha foronya kila baada ya siku tatu.