Nimetuma pesa kwa nambari isiyo yake: sheria ya Kenya inanilinda kwa kiasi gani?

MuuzaNafaka, Nakuru
Juzi jioni nilikuwa nikimlipa aliyeniletea maharagwe shilingi 18,500 kwa simu, nikageuza tarakimu mbili za mwisho, 47 ikawa 74. Dakika kumi hazijapita niliipigia kampuni, nikaambiwa mpokeaji amekwisha kutoa 11,000 kwa wakala, kilichosalia kimezuiliwa, na kwamba suala limefungwa. Je, sheria inawaruhusu kulifunga kwa neno la simu tu?

MwanasheriaKijana
Pole sana, dada. Kanuni za Mfumo wa Taifa wa Malipo za mwaka 2014, zilizotungwa chini ya Sheria ya mwaka 2011, zinamtaka mtoa huduma awe na utaratibu wa kushughulikia malalamiko: wewe unalalamika ndani ya siku 15 tangu tukio, naye anatakiwa kulitatua ndani ya siku 60. Usitegemee simu ile pekee. Andika barua pepe leo, taja saa uliyopiga, ambatisha ujumbe wa uthibitisho wenye msimbo wa muamala, kisha udai nambari ya kumbukumbu. Wakikupuuza, msimamizi wao ni Benki Kuu ya Kenya.

Mzee wa Baraza
Nakubaliana nawe, mwanangu, ila tusimpe dada huyu tumaini lisilokuwapo. Ibara ya 46 ya Katiba inampa mtumiaji haki ya kufidiwa hasara iliyotokana na kasoro ya huduma, na hapa huduma ilipeleka pesa pale ilipoagizwa. Anayedaiwa zile 11,000 ni yule aliyezitoa akijua si zake. Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai ya pesa za mtu zilizoingia mikononi mwa mwingine, mradi yasizidi shilingi milioni 1, na si lazima uwe na wakili. Ugumu uko kwenye kumpata: jina lake unalo katika ujumbe, lakini anwani yake kampuni haitakupa hivi hivi, kwa sababu Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamlinda yeye pia. Iombe mahakama iagize itolewe.

MuuzaNafaka, Nakuru
Ahsanteni, wakubwa zangu. Barua nimeituma na nambari ya kumbukumbu nimepewa. Ujumbe wa uthibitisho bado ninao; huwa nazifuta jumbe zote kila Jumapili ili kuipunguzia simu mzigo, na huu umenusurika kwa siku mbili tu.