Wakuu naomba ushauri: kanuni za CAPsMAN zinakamata AP za chini tu, za juu kimya

NdotoZaMoro
Habari za jioni wanajamvi. Nimekwama na muda umenibana. Nina kazi ya Wi-Fi kwenye hosteli binafsi ya wanafunzi hapa Morogoro, jengo la ghorofa. Nimeweka rauta ya MikroTik RB4011, ndiyo inayosimamia AP zote (vile vifaa vya kurusha Wi-Fi) kwa CAPsMAN, mfumo wa MikroTik wa kusimamia AP nyingi kutoka sehemu moja. Nilichotaka ni hiki: AP yoyote nikiichomeka kwenye swichi ijitambulishe yenyewe, ipokee jina la mtandao, paswedi na chaneli, nisipande ngazi na kompyuta kila mara. Kanuni nimeziandika kwenye Provisioning, sehemu inayogawa mipangilio kwa AP. AP za chini zimejiunga lakini kila moja redio moja inarusha, nyingine imekataa. Za juu hazionekani kabisa. Wanafunzi wanaripoti Jumatatu na mwenye hosteli hachoki kupiga simu. Kanuni zinatakiwa ziwe ngapi, na zipangweje? Naomba wenye uzoefu wanisaidie, kejeli leo sitaziweza.

kebo_nyeusi
Weka kanuni zenyewe hapa, mkuu. Na utaje toleo la RouterOS (programu endeshi ya MikroTik) na modeli za AP, za chini na za juu.

BwanaFaiba
Ndugu yangu, hizo MikroTik zinataka mtu asiye na familia. Weka Omada ya TP-Link, AP inatokea kwenye skrini, unaikubali, basi. Mimi niliweka kwenye shule moja Mbeya, kazi ikaisha kabla ya chakula cha mchana. Ila nikwambie kilichonipata pale: kebo ilitoka jengo la utawala kwenda bwenini ikipita juu hewani, msimu wa mvua radi ikashuka, swichi nzima ikaungua na AP zote za upande ule. Waya wa ardhi hakuna aliyekuwa ameuwaza. Kwa hiyo kabla ya kanuni, umeangalia kama jengo lina ethi?

NdotoZaMoro
BwanaFaiba asante, ethi ipo. Kubadili vifaa siwezi, hela imeshatumika. kebo_nyeusi, toleo ni 7.16. AP ni za MikroTik za kawaida tu. Kanuni hizi hapa:

/interface wifi provisioning
add action=create-dynamic-enabled master-configuration=cfg-hosteli
add action=create-dynamic-enabled master-configuration=cfg-5 supported-bands=5ghz-ax

kebo_nyeusi
Tatizo la kwanza linaonekana. Kanuni husomwa kuanzia juu kushuka, na redio ikikutana na ya kwanza inayoifaa hapo hapo inaishia. Hiyo ya kwanza hujaiwekea sharti lolote: wala bendi (2.4GHz au 5GHz), wala MAC (namba ya kipekee ya redio), wala jina. Maana yake inafaa kila redio, na ile ya pili haitasomwa milele. Naamini cfg-hosteli umeipa chaneli ya 2.4GHz. Redio ya 5GHz inapewa chaneli isiyokuwa nayo, inabaki imezima.

Ya kwanza iongezee supported-bands=2ghz-ax. Halafu usikae ukisubiri, maana kubadili kanuni hakugusi redio iliyokwisha kupita humo. Nenda kwenye Radios, chagua zote, bonyeza Provision, zipite upya.

NdotoZaMoro
Mungu akubariki kebo, za chini zote mbili mbili zinarusha! Za juu bado. Nimeongeza kanuni ya tatu nikataja MAC ya AP moja ya juu kwenye radio-mac, hakuna kitu. Nimeipandisha ikawa ya kwanza, hakuna kitu.

kebo_nyeusi
Kanuni inafanya kazi kwa redio iliyokwisha kujiunga. AP isiyoonekana kwenye Remote CAP haijafika hata mlangoni, hata ukiandika kanuni mia. Nauliza tena: za juu ni modeli gani?

NdotoZaMoro
Za chini ni cAP ax, nimezinunua mimi. Za juu zilikuwepo. Nyingi ni cAP lite, chache cAP ac. Sikutaja kwa sababu zote ni MikroTik na zote zinatumia CAPsMAN.

kebo_nyeusi
CAPsMAN siku hizi ni mbili, na hapo ndipo watu wengi wanapotea. Kuanzia 7.13, iliyotoka Desemba 2023, mambo ya redio yaligawanywa. Ipo CAPsMAN mpya, ile ya /interface wifi capsman unayoitumia wewe. Na ipo ya zamani, /caps-man, inayokuja na kifurushi cha wireless. AP za mpya haziendi kwa ya zamani, na za zamani haziji kwa mpya. Hazipatani kabisa.

cAP lite ni kifaa cha 2.4GHz peke yake, na madereva mapya (programu za kuendesha redio) hayaiwezi, itabaki kwenye wireless mpaka ife. cAP ac inaweza kuhamishwa: unaondoa wireless, unaweka wifi-qcom-ac. Hifadhi yake ni MB 16 tu, kwa hiyo usirundike vifurushi vingine. Na kama unagawa mitandao kwa VLAN (mitandao iliyotenganishwa ndani ya kebo ile ile), wifi-qcom-ac haipokei vlan-id kutoka kwenye datapath, yaani mipangilio ya njia ya data inayotoka CAPsMAN, VLAN utazipanga kwenye briji ya AP yenyewe.

Njia nyepesi kwako: ongeza kifurushi cha wireless kwenye RB4011, uendeshe CAPsMAN zote mbili humo humo. Inaruhusiwa. Kanuni utaandika seti mbili. Ingia kwenye AP moja ya juu uangalie imeelekezwa wapi.

NdotoZaMoro
Nimeweka wireless, CAPsMAN ya zamani imewaka, lakini AP za juu hazijajiunga. Kuingia kwenye AP zenyewe siwezi, paswedi sina.

mama_swichi
Mdogo wangu, nasoma tangu mwanzo. Umesema "zilikuwepo". Nani aliziweka, na zilikuwa zinasimamiwa na kifaa gani kabla yako?

NdotoZaMoro
Fundi aliyepita. Hilo halihusiani na kanuni, dada.

mama_swichi
Linahusiana sana. AP iliyo kwenye hali ya CAP haina akili yake, isipomwona msimamizi wake redio zinalala. Rauta ya huyo fundi iko wapi sasa hivi?

NdotoZaMoro
Alikuja akaichukua. Basi niseme yote. Yule fundi alinunua AP za juu na rauta kwa hela yake, kwa makubaliano alipwe kazi ikiisha. Alilipwa nusu. Mwenye hosteli anasema kazi ilikuwa mbovu, intaneti ilikuwa inakatika usiku. Fundi alisubiri, akachoka, akaja kung'oa rauta yake. AP zipo kwenye silingi, hakupewa ruhusa ya kupanda juu. Ndipo nikaitwa mimi. Niliambiwa nisimtafute.

Kabla hamjanishukia, mimi nimeshapokea advansi na yote nimenunulia cAP ax. Nina mtoto shule. Nimekuja kuweka Wi-Fi, ugomvi wao sikuuanzisha. Na mwenye jengo ndiye aliyenipa kazi, kilichomo ndani ya jengo lake ni chake.

BwanaFaiba
Kilichomo ndani ya jengo si chake kama hajakilipia. Mpangaji akiingiza friji, friji inakuwa ya mwenye nyumba?

wakili_wa_mtaa
Muwe waangalifu hapa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 imekataza kuingia kwenye mfumo wa kompyuta kwa makusudi na kinyume cha sheria, na hapo ndipo idhini inapoingia. Swali ni idhini ya nani. Mwenye hosteli ana madai ya nusu, fundi ana madai ya nusu. Mimi ningetaka karatasi kabla ya kugusa kifaa.

mama_swichi
Mimi nimekuwa huyo fundi wa kwanza. Niliweka mtandao kwenye jengo la ofisi Dodoma, nikakopa kwa shemeji kununua swichi za PoE, zile zinazopeleka umeme kwa AP kupitia kebo ya mtandao. Mteja akaridhika, akapiga picha na mimi, malipo yakawa "wiki ijayo". Siku moja napita pale naona kijana mwenzetu yupo kwenye ngazi anabadilisha paswedi zangu. Hakunisalimia. Deni la shemeji nimelilipa mwenyewe mpaka likaisha. Sikuchukii, mdogo wangu, lakini ukipanda hiyo ngazi ujue kuna mtu analala na deni la hizo AP.

Mchunguzi_77
Jamani mimi nasita. Akaunti hii ni ya juzi. Mtu amepewa jengo zima lakini hajui sharti la bendi kwenye kanuni. Kila akibanwa inatoka sura mpya ya hadithi: mara AP za kawaida, mara zilikuwepo, mara dhuluma. Halafu AP ina kitufe cha kureseti, mtoto mdogo anajua. Mbona hajakigusa? Nahisi ni mmoja kati ya hawa wawili: ama ndiye fundi wa kwanza anapima upepo, ama ni mtu anatafuta namna ya kufungua AP zisizo zake na hosteli ni kisingizio. Wanafunzi wa Jumatatu hawapo.

BwanaFaiba
Hapo Mchunguzi umenigusa. Hata ethi alinijibu haraka mno.

NdotoZaMoro
Kitufe nimekigusa. Nimeteremsha cAP lite mbili, nikashika kitufe huku nachomeka umeme kama ninavyofanya siku zote. Taa haikupepesa, AP ikawaka na mipangilio yake ile ile, paswedi ile ile inakataa. Ya pili vile vile. Nikadhani vitufe vimekufa kwa vumbi. Kama natunga, natunga kwa faida gani saa hizi?

kebo_nyeusi
Vitufe vyote viwili havifi siku moja. Huyo fundi amewasha protected-routerboot. Ukiiwasha, kureseti kwa kitufe kwa njia ya kawaida kunafungwa, na Netinstall (programu ya kusakinisha RouterOS upya) nayo haiingii. Na nadhani aliwasha pia lock-to-caps-man: AP inakumbuka cheti cha msimamizi wake wa kwanza na kumkataa mwingine yeyote. Ndiyo maana CAPsMAN yako ya zamani imewaka na hazijagutuka. Hapakuwa na kosa kwenye kanuni zako za juu, mkuu, ulikuwa unaandikia AP zenye mtu wake.

Mchunguzi, mtu akieleza dalili hivyo bila kujua jina la ugonjwa, ameshika kifaa mkononi.

Mchunguzi_77
Au amesoma mahali. Lakini sawa, nakubali kwa nusu.

NdotoZaMoro
Kwa hiyo kebo, njia ya kuifungua ipo au haipo?

kebo_nyeusi
Ipo, na inafuta kila kitu ndani ya AP. Sitaiandika mpaka mwenye vifaa aridhie. Fundi aliyefunga namna ile anajua kazi, na akirudi na rauta yake AP zote za juu zinawaka bila wewe kugusa hata moja. Simu moja inakupunguzia kazi ya siku nzima.

Kama humpigii, basi fanya kazi na vilivyo vyako. Una cAP ax ngapi?

NdotoZaMoro
Saba. Zote nilizipanga chini, nikitegemea za zamani zibebe juu. Kumpigia siwezi, atanionaje? Na bosi akijua nimempigia kazi imekwisha.

kebo_nyeusi
Saba kwa ghorofa moja ni nyingi kupita kiasi, zinasumbuana zenyewe. Acha tatu chini, mbili kila ghorofa ya juu, katikati ya korido. 5GHz haipiti vizuri kuta za bloku, kwa hiyo vyumba vya mwisho vitaishi kwa 2.4. Video zitawakwamia usiku lakini watasoma.

Sasa kanuni ndipo zinapokuwa na faida. Kila AP ipe jina kabla hujaipandisha: G0-1, G1-1, G2-1. Kisha kanuni ya kila ghorofa iwe na identity-regexp yake, yaani sharti la jina la AP. Inayoanza na G0 ipate chaneli 1, G1 ipate 6, G2 ipate 11, hapo ghorofa zinazopakana hazigongani. Kila ghorofa kanuni mbili, ya 2.4 na ya 5, na masharti yote ya kanuni lazima yatimie ndipo ikamate. Za chini ziko tatu, kwa hiyo moja ya G0 unaweza kuitaja kwa radio-mac na kuipa chaneli tofauti, ila iwe juu ya wenzake, maalumu kabla ya jumla.

Mwisho weka kanuni moja isiyo na sharti yenye create-disabled. Ni hosteli, mtu atachomeka AP yake kwenye tundu la ukutani. Ikiwa ni ya MikroTik iliyo kwenye hali ya CAP itajiunga, itaonekana, lakini haitarusha jina lako mpaka wewe useme.

BwanaFaiba
Hii ya create-disabled ningeijua zamani! Mwanafunzi mmoja kule Mbeya... basi, siku nyingine.

mama_swichi
Ushauri mzuri. NdotoZaMoro, wewe malipo ya kazi umepata kiasi gani, ukiacha advansi iliyokwenda kwenye vifaa?

NdotoZaMoro
Bado. Ameahidi Jumatatu jioni, mtandao ukiwaka jengo zima.

mama_swichi
Jengo zima. Na AP saba ni zako, umezinunua wewe, zitakuwa kwenye silingi yake.

wakili_wa_mtaa
Andikeni hata kwa mkono: vifaa ni vya nani mpaka malipo yakamilike. Asaini kabla hujapandisha ya kwanza.

NdotoZaMoro
Nimekaa na hilo swali tangu saa ile. Nimemwomba mlinzi namba ya yule fundi, anayo. Sijapiga, naangalia nitaanzaje. Wakati huo nimeshatoa nne chini na kuzipa majina. Kebo, hiyo ya create-disabled naiweka mwisho kabisa au kabla ya kanuni za G2?

kebo_nyeusi
Mwisho kabisa. Ikiwa juu ya G2, AP za G2 zitaishia hapo zimezima. Na ukimpigia, anza kwa kumwambia umeona protected-routerboot, atajua anaongea na fundi.