Tathmini ya idara za serikali: ushauri wa sera unapimwaje?

Mchumi wa Halmashauri

Wadau wa mipango, habari za kazi. Niko katika Idara ya Mipango na Uratibu ya halmashauri moja ya kanda ya kati ya Tanzania, na nimeteuliwa kuingia katika timu itakayotathmini kazi za idara zetu kwa kipindi cha miaka mitano. Hadidu za rejea zinatutaka tupime miradi ya maendeleo iliyotekelezwa pamoja na ubora wa ushauri ambao wataalamu waliutoa kwa menejimenti na kwa Baraza la Madiwani. Kwenye miradi sina wasiwasi, kwa kuwa taarifa za robo mwaka zipo, hati za malipo zipo na majengo yanaonekana. Suala la ushauri ndilo lililonikwamisha.

Wiki iliyopita nilikwenda kukagua kisima ambacho katika taarifa zetu kimehesabiwa kuwa kituo kimoja cha kuchotea maji kinachohudumia watu 250, kama Sera ya Maji ya 2002 inavyoelekeza. Nilikuta mpini wa pampu umefungwa kwa kamba ya katani na nyasi zimeota kwenye nyufa za sakafu ya zege. Mama mmoja aliyekuwa akipita na ndoo alinieleza kuwa maji yake yalikuwa ya chumvi tangu siku ya kwanza, kwa hiyo walirudi kuchota kule mtoni walikozoea. Niliporudi ofisini nilipekua jalada la mradi nikitafuta dokezo la kitaalamu, yaani maandishi mafupi ya mtaalamu kwa wanaoamua, lililoshauri kisima kichimbwe pale, wala sikuliona. Mkataba umo, vyeti vya malipo vimo, na picha za uzinduzi zimo. Naomba msaada: mtu anapimaje ushauri ambao haukuandikwa, na ule ulioandikwa tuupime kwa vigezo gani?

Mstaafu wa Mipango

Kijana wangu, hongera kwa kuuliza kabla ya kuanza kuandika ripoti. Nilifanya kazi miaka mingi katika Idara ya Sera na Mipango ya wizara, na kosa nililoliona mara nyingi ni kuupima ushauri kwa matokeo ya mradi. Ushauri mzuri unaweza kuharibiwa na utekelezaji mbovu, na ushauri mbovu unaweza kufunikwa na mvua nzuri au bei nzuri ya pamba. Ukichanganya viwili hivyo, utamlaumu asiyehusika na kumpongeza aliyebahatisha.

Nikupe mfano ambao kila mwalimu mkuu nchini anaufahamu. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, yaani MMEM, ulipoanza mwaka 2002, ruzuku ya uendeshaji ilipangwa kuwa dola 10 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, ambazo kwa wakati ule zilikaribia shilingi 10,000. Januari 2016, elimumsingi bila malipo ilipoanza kufuatia Waraka wa Elimu Namba 5 wa 2015, kiwango cha shule ya msingi kilikuwa bado shilingi 10,000, na kati ya hizo 4,000 zilibaki ngazi ya taifa kwa ajili ya vitabu. Dola moja ilikuwa imeshapita shilingi 2,100.

Sasa itazame kazi hiyo kwa macho mawili. Kwa upande wa utekelezaji, fedha zilianza kupelekwa kila mwezi moja kwa moja kwenye akaunti za shule, jambo lililopunguza ucheleweshaji wa miaka ya nyuma, nami ningeipa hatua hiyo alama za juu bila kusita. Kwa upande wa ushauri, je, yuko mtaalamu aliyekaa akakokotoa shule inahitaji kiasi gani? Shule yenye wanafunzi 600 ilipata, kwa 6,000 zile, shilingi 3,600,000 kwa mwaka, sawa na 300,000 kwa mwezi, za chaki, mitihani, ukarabati, michezo na shajala ya ofisi, katika mwaka ule ule ambao uandikishaji wa darasa la kwanza ulipanda ghafla na kuzidi madarasa yaliyokuwapo. Mtathmini akiuliza tu kama fedha zilifika shuleni, atajibiwa kuwa zilifika, na jibu litakuwa la kweli. Swali la kama kiwango chenyewe kilikuwa na mantiki halitamjia kabisa, kwa sababu halimo kwenye bangokitita lake, yaani jedwali la malengo na viashiria vya kupimia.

Kwa hiyo kila uamuzi mkubwa utafutie mambo manne: tatizo lilielezwaje, njia zipi nyingine zilifikiriwa, ushahidi gani ulikuwapo siku ile, na mshauri alitarajia nini kitokee na lini. Mpime kwa alichoweza kujua wakati ule, usimpime kwa tunachokijua leo. Kuhusu kisima chako, swali langu ni moja: maji yalipimwa kabla ya pampu kufungwa? Kama cheti cha maabara kilikuwapo na kikapuuzwa, hilo ni tatizo la uamuzi. Kama hakikuombwa, basi ushauri haukuwapo kabisa, na hivyo ndivyo mnavyopaswa kuandika.

Mkaguzi wa Ufanisi

Naunga mkono aliyosema mzee, na ninaongeza upande wa sheria. Kifungu cha 28 cha Sheria ya Ukaguzi wa Umma ya 2008 kinampa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) mamlaka ya kufanya ukaguzi wa ufanisi, ambao huangalia uwekevu, tija na ufanisi katika matumizi ya rasilimali za umma. Ukaguzi huo hauhoji sera yenyewe, kwani kuchagua sera ni kazi ya wenye dhamana ya kisiasa. Hata hivyo unaweza kuhoji kama uamuzi ulitanguliwa na taarifa za kutosha, na hapo ndipo ushauri unapoingia. Katika kazi yangu, dokezo linapokosekana siliruki kwa kusema taarifa hazikupatikana, bali ninaandika hoja kwamba hakuna ushahidi wa uchambuzi kabla ya uamuzi, kisha ninasubiri majibu ya menejimenti. Mara nyingi dokezo hupatikana ndani ya juma moja, likiwa limehifadhiwa katika jalada jingine kabisa.

Msomi wa Ughaibuni

Nchi iliyolifanya jambo hili kuwa la kawaida ni New Zealand, ambako nilisomea utawala wa umma. Huko wizara huchukua sampuli ya madokezo yaliyopelekwa kwa mawaziri, huyasoma upya na kuyapa alama kuanzia 1 hadi 5 kwa kigezo kimoja cha pamoja kinachoangalia muktadha, uchambuzi, ushauri wenyewe na hatua za kufuata. Alama hizo huchapishwa katika taarifa ya mwaka ya wizara, pamoja na kiwango cha kuridhika kwa waziri mwenyewe. Kipengele hiki cha mwisho mimi sikipendi, kwa sababu waziri anaweza kuridhishwa na mtu anayemwambia anachotaka kusikia. Kwa halmashauri, hata madokezo 20 yaliyochaguliwa bila upendeleo na kusomwa na watu wawili kila mmoja peke yake yatawafunulia mengi.

Mdau wa Nakuru

Jamani, mmesahau ushauri uliokataliwa. Sisi Kenya, tangu serikali za kaunti zianze kazi mwaka 2013, maafisa wa mipango huandaa mpango jumuishi wa miaka mitano wa kaunti, halafu wajumbe wa bunge la kaunti wanataka mradi uhamishiwe kwenye wadi zao. Afisa aliyeshauri vizuri na akapuuzwa hana pa kuonekana katika tathmini, na baada ya miaka miwili anaacha kushauri, anabaki kuandika kile ambacho anajua kitapita. Tafadhali wekeni safu ya ushauri uliotolewa na haukufuatwa, pamoja na sababu iliyotajwa katika kumbukumbu za kikao.

Mchumi wa Halmashauri

Shikamoo mzee, na asanteni nyote. Leo asubuhi nimeomba kwa maandishi majalada ya Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango ya miaka yote mitano, na nimekubaliana na wenzangu kuwa madokezo tutayasoma kwanza, kabla hatujaona matokeo ya miradi yake, ili matokeo yasitupotoshe. Safu ya ushauri uliokataliwa tumeiongeza. Kuhusu kisima, fundi aliyefunga pampu ameniambia kwa simu kwamba sampuli ya maji ilichukuliwa na kupelekwa maabara, ila yeye hakuwahi kuona majibu. Jumatatu nitaanzia huko maabara.