Naomba ushauri: mwanangu aache chuo mwaka wa tatu ili aingie NFL?

Mwanzisha uzi: Wakubwa shikamooni, wenzangu habari zenu. Tunaishi Ohio, na mwanangu anacheza mpira wa Kimarekani chuoni katika nafasi ya lainibeka, yaani mlinzi anayesimama nyuma ya mstari wa mbele, akausoma mchezo na kumwangusha mwenye mpira. Msimu wake wa tatu umemletea sifa nyingi, na sasa anataka kuingia katika drafti ya NFL, ligi ya kulipwa ya mchezo huo, yaani zoezi ambalo timu huchagua wachezaji wapya kwa zamu, raundi baada ya raundi, kabla ya kupata shahada. Hoja yake ni Luke Kuechly wa Boston College. Mama yake hapati usingizi. Tumwambie nini?

Mchangiaji wa kwanza: Ndugu yangu, Kuechly ni mfano mzito. Mwaka 2011 aliangusha wapinzani mara 191, akatwaa tuzo ya Butkus ambayo hupewa lainibeka bora wa vyuo, akaondoka baada ya misimu mitatu, na mwaka 2012 timu ya Carolina Panthers ikamchukua akiwa wa 9 katika drafti. Mwaka uliofuata alitajwa kuwa mlinzi bora wa ligi nzima. Lakini kijana asiishie hapo, kwa sababu mtu huyohuyo, aliyekwisha kuumia kichwa zaidi ya mara moja, alistaafu Januari 2020 akiwa na miaka 28 tu. Nafasi hii hula mwili mapema, na ndiyo maana shahada ina uzito.

Mchangiaji wa pili: Kaka, kwa heshima zote, hoja hiyohiyo inaweza kumfanya aondoke sasa. Jaylon Smith wa Notre Dame, mshindi wa Butkus wa 2015, alitarajiwa kuchaguliwa miongoni mwa wa mwanzo kabisa. Tarehe 1 Januari 2016, katika Fiesta Bowl, mechi kubwa ya vyuo, goti lake la kushoto lilichanika kano na neva ikaumia. Dallas Cowboys walimchukua akiwa wa 34, na msimu mzima wa kwanza hakucheza. Masomo yanaweza kusubiri. Goti halina subira.

Mwanzisha uzi: Nashukuru. Tutajuaje thamani yake halisi, mbali na sifa za mashabiki?

Mchangiaji wa tatu: Mzee wangu, kocha wake aombe tathmini ya kamati ya ushauri ya NFL, ambayo humweleza mchezaji kama anafaa raundi ya kwanza, ya pili, au arudi chuoni. Akiambiwa raundi ya kwanza, mimi ningemruhusu, kwa sharti kwamba akubaliane na chuo, kwa maandishi, namna atakavyomalizia masomo yaliyobaki. Akiambiwa arudi, arudi, nanyi mtafute bima ya majeraha kabla msimu haujaanza. Asitie saini na wakala yeyote kabla majibu hayajafika.