Misemo ya Kiingereza kwa Kihungaria: nianzie wapi kabla ya kwenda Miskolc?

Mtoto wa Katuba

Jambo wakubwa wangu, ba yaya na ba mama wa hapa. Ninaandika kutoka Lubumbashi, Katuba. Nimekubaliwa kusoma jeolojia Miskolc, Hungaria, na masomo yatakuwa kwa Kiingereza. Kifaransa changu ni cha shule. Kiingereza nilikiokota Kasumbalesa, kwa sababu mjomba wangu anapitisha mizigo ya watu forodhani na likizo zote nilikuwa naye kati ya madereva wa Zambia na Tanzania. Kinatosha kuelewana bei na kuuliza lori limekwama wapi.

Sasa kuna mtu amenipa karatasi zenye safu mbili, Kiingereza kushoto, Kihungaria kulia. Maneno ya kila siku nayafuata: mkate ni kenyér, maji ni víz, maziwa ni tej. Nikifika kwenye kurasa za misemo, nakwama. Kushoto wameandika "a piece of cake", kulia "gyerekjáték". Kushoto "it's raining cats and dogs", kulia "szakad az eső". Kiingereza chenyewe sikijui, na yule paka na mbwa nikiwatafuta upande wa pili siwaoni.

Naomba mnielekeze. Nikariri misemo hii jinsi ilivyo? Na Kihungaria nikiwekee bidii kweli, wakati darasani ni Kiingereza? Mimi nakitaka. Sipendi kukaa na watu miaka na miaka bila kuweza kuwasalimu kwa lugha yao.

Yaya wa Diósgyőr

Mdogo wangu, hongera sana. Nilisoma uhandisi wa migodi hapo hapo Miskolc, nikakaa mtaa wa Diósgyőr, penye ile ngome ya zamani na viwanda vya chuma vilivyofungwa. Leo niko hapa hapa Lubumbashi.

Chukua hizo karatasi, funika safu ya Kiingereza, uandike Kiswahili mahali pake kwa mkono wako. Kihungaria si ndugu wa Kiswahili, ndugu zake ni Kifini na Kiestonia. Lakini namna kinavyojenga neno, wewe uliijua kabla hujaota meno.

Tazama "szeretlek". Mwingereza anahitaji maneno matatu. Wewe unasema "nakupenda", neno moja, na anayependa na anayependwa wote wamo. Ndivyo ilivyo kwa Kihungaria. Látlak, nakuona. Várlak, nakungojea. Hívlak, nakupigia, na hili utalisikia kila siku watu wakiagana barabarani. Halafu látok ni "naona" tu, bila kusema nini, lakini látom ni "nakiona", "naiona", kitu ambacho sisi wawili tunakijua. Niliona wenzangu wenye akili nyingi wakitoka jasho hapo mpaka mwisho wa mwaka, kwa sababu lugha zao hazina tofauti hiyo ndani ya kitenzi. Wewe unayo.

Endelea. Ő ni "yeye", mwanamume au mwanamke ni sawa, ile taabu ya he na she haipo. Ház ni nyumba, házam nyumba yangu, házamban ndani ya nyumba yangu. Vipande vinapangwa nyuma ya neno, kimoja baada ya kingine, basi. Watakuambia kwamba mwisho wa neno unabadilika kufuata irabu, házban lakini kertben, ndani ya nyumba, ndani ya bustani. Usitishike. Nani alikufundisha kusema "pikia" lakini "somea"? Hakuna, mdomo wako ulijua wenyewe.

Kazi kubwa itakuwa matamshi. S yao ni sh yetu, na sz ndiyo s. Cs ni ch. Ny ni ny ile ile ya nyama, hiyo umepewa bure. C peke yake ni ts, kwa hiyo mji wako unaitwa Mishkolts. Na mkazo uko kwenye silabi ya kwanza, siku zote, hata neno liwe refu namna gani. Sisi tunakaza ya pili kutoka mwisho, na tabia hiyo ni ngumu kuiacha. Soma kwa sauti kila asubuhi, hata nyumbani wakikushangaa.

Misemo sasa. Usimtafute paka. Jiulize mtu anasema hivyo wakati gani. Szakad az eső maana yake mvua inachanika, yaani ile mvua yetu ya Januari ambayo hapa mjini, komini za Kamalondo na Kenya, maji yanaingia mpaka mlangoni. Gyerekjáték ni mchezo wa watoto, kazi isiyosumbua. Andika hali, kisha andika msemo, na Kiingereza kitakaa pembeni kama shahidi.

Msemo mmoja uupeleke kwa jamaa zako kabla hujapanda ndege, maana wanadhani Ulaya pesa zinaokotwa: "ott sem kolbászból van a kerítés", hata kule lupango, yaani kiwanja cha nyumba, haikuzungushiwa soseji. Wahungaria wenyewe wanaambiana hivyo mtu akitaka kuhamia Ujerumani au Uingereza.

Mwalimu wa Kamalondo

Ninafundisha Kiingereza sekondari, kwa hiyo nitakitetea kidogo. Yote aliyoandika mhandisi juu ya sarufi nayapokea, lakini safu ya kushoto usiifunike kabisa, mwanangu. Profesa atasema kwa Kiingereza, na wanafunzi wa nchi nyingine mtakaolala nao bweni moja mtaongea Kiingereza. Misemo yote miwili utaihitaji, na ukiiweka pamoja utaona kila taifa linavyofikiri. Mimi napenda sana kazi hiyo.

Mwingereza anaua ndege wawili kwa jiwe moja. Mhungaria anapiga nzi wawili kwa pigo moja, "két legyet üt egy csapásra". Mwingereza asipoelewa kitu anasema kwake hicho ni Kigiriki. Mhungaria anasema ni Kichina, "ez nekem kínai". Ndege wa Mwingereza anayewahi kuamka anapata mnyoo tu. Kwa Mhungaria, "ki korán kel, aranyat lel", aamkaye mapema anaokota dhahabu, na hapa Katanga msemo huo hauhitaji maelezo. Siku ya mtihani mtu akikuambia "break a leg", vunja mguu, kwa Kiingereza, au "kéz- és lábtörést" kwa Kihungaria, anakutakia heri, ingawa Mhungaria ameongeza na mkono juu ya mguu. Mshukuru, uingie ukaandike.

Na kuna misemo ambayo hatuhitaji Kiingereza kuielewa. "Aki másnak vermet ás, maga esik bele": anayemchimbia mwenzake shimo anatumbukia mwenyewe. Bibi yako angesema mchimba kisima huingia mwenyewe, akamaliza.

Jihadhari na maneno yanayofanana na Kiingereza kwa herufi tu. Most ni "sasa". Hat ni sita. Nap ni siku, tena ni jua. Fog ni jino. Hold ni mwezi wa angani. Ukiona farmer dukani, si mkulima, ni suruali ya jinzi. Na "helló" wanaisema pia wakiondoka, usidhani mtu amerudi. Baba kwao ni mtoto mchanga, au mwanasesere, hili litawapa taabu wadogo zako ukiwasimulia.

Jambo la furaha kwa watu wa Lubumbashi: Kiingereza kilipata neno coach kutoka kijiji cha Hungaria kinachoitwa Kocs, ambako tangu karne ya 15 walitengeneza magari mepesi ya farasi. Sisi tukalichukua kwa Waingereza, tukapata kocha. Kwa hiyo kila tunapobishana juu ya kocha wa Mazembe, kijiji hicho kimo mdomoni. Wahungaria wenyewe wanasema kocsi, na leo ni gari lolote la kawaida.

Mtoto wa Katuba

Aksanti sana yaya, aksanti mwalimu. Nimeanza kuandika Kiswahili pembeni jana usiku, na látok na látom imeniingia palepale. Swali moja tu: salamu. Kwenye karatasi "hi" ni "szia". Naweza kumwambia profesa szia? Na mama mzee ninayekutana naye kwenye ngazi?

Yaya wa Diósgyőr

Hapana. Szia ni kwa rafiki na mtu wa rika lako, ukisalimu wengi ni sziasztok. Profesa, muuzaji usiyemjua, mzee wa kwenye ngazi, wote hao ni "jó napot kívánok", nakutakia siku njema. Wana "wewe" mbili kama vile Kifaransa kina tu na vous, kwa hiyo kwako si jambo geni: te kwa rafiki, Ön kwa heshima. Mkubwa ndiye anayekuruhusu kushuka kwenye te. Mngojee. Watoto wanawasalimu wanawake wazima "csókolom", nabusu mkono, ila wewe si mtoto tena.

Na kuna salamu ya nne ambayo karatasi zako hazina, hiyo ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Kwenye kitivo chenu watu wa migodi wanasalimiana "jó szerencsét", bahati njema. Chuo hicho mizizi yake ni shule ya migodi ya Selmecbánya, iliyoanzishwa 1735, mji ambao leo uko Slovakia na unaitwa Banská Štiavnica. Baada ya vita vya kwanza vya dunia shule ilihamia Sopron, na mwaka 1949 masomo ya migodi yakaanza Miskolc. Salamu yenyewe waliichagua Selmecbánya mwaka 1894, kwa sababu kabla ya hapo wachimbaji walikuwa wakisalimiana kwa Kijerumani. Profesa mzee akikuambia jó szerencsét kwenye korido, simama, mwangalie usoni, umrudishie hiyo hiyo. Mtu anayeshuka chini ya ardhi anajua anachokuombea, na wewe unatoka mji wa shaba, utaisema kwa moyo.

Mama wa Bel Air

Nawasoma tu, lakini hapa niseme, maana niliishi Budapest na mume wangu na watoto. Wanaume mmeacha kutaja duka na ofisi.

Mwanangu, dukani tafuta neno "akció". Ni bei iliyopunguzwa. Kuku usimnunue mzima, angalia "csirkecomb", paja la kuku, ni rahisi na linatosha kwa bukari, yaani ugali, ukipata unga wa mahindi. Zárva mlangoni ni pamefungwa, nyitva pamefunguliwa. Kadi ya basi ya mwezi inaitwa bérlet, inunue mapema mwezi ukianza, kwa sababu wanasema "több nap, mint kolbász", siku ni nyingi kuliko soseji, na pesa ya mwanafunzi inaisha kabla ya tarehe.

Ofisini utapewa fomu. Wahungaria wanatanguliza jina la ukoo, Puskás Ferenc, Karikó Katalin, sawa na sisi tunavyoanza na nom na postnom halafu prénom. Vezetéknév ni la ukoo, keresztnév au utónév ni lile la ubatizo. Ukijaza fomu ya Kiingereza mpangilio unageuka, kwa hiyo soma kwanza, usiandike kwa mazoea. Kisha kuna mstari "anyja neve", jina la mama yako. Karibu kila karatasi ya serikali kule inauliza hilo, na wanataka jina alilozaliwa nalo, si la ndoa. Kaa na mama yako wiki hii, aliandike mwenyewe lote, herufi kwa herufi, ulinganishe na cheti chako cha kuzaliwa. Kama kuna herufi imepotea, irekebishwe hapa komini kabla hujaondoka.