INR ya mama imepigwa H, tumwachishe dawa?

Bint Limbani
Assalaam alaykum. Mama aliingiwa na bonge la damu mguuni, Unguja wakamwanzisha vidonge vya warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande. Kipimo chake cha mwisho kule: PT, yaani muda wa damu kuganda, sekunde 31, na INR, muda huo ukishasawazishwa, 2.5. Sasa yuko kwangu Wete, na majibu ya juzi yanasema PT sekunde 27, INR 2.4, zote mbili zina H pembeni, yaani juu ya kawaida. Kaka kashika karatasi anasema damu imekuwa maji, tumwachishe dawa. Jirani naye keshampiga marufuku mchicha na kisamvu, na mama bila kisamvu cha nazi hali akashiba. Sekunde 4 zimekwenda wapi? Miadi ya daktari ni wiki ijayo.

Mstaafu wa Maabara
Waalaykum salaam mwanangu. Vidonge msimwachishe, bonge jingine likipanda mapafuni ndiyo balaa lenyewe.

Sekunde usizilinganishe. Tunaizungusha damu kwenye mashine mpaka yale maji ya manjano yajitenge, tunayapasha nyuzi 37, tunatia tromboplastini, dawa ya maabara ya kugandisha, yenye kalsiamu, halafu tunahesabu mpaka yagande. Asiyetumia dawa huwa sekunde 11 hadi 13 hivi. Sasa tromboplastini ya kiwanda hiki haina nguvu sawa na ya kile. Hamira mbili haziumui unga kwa muda mmoja. Ndiyo maana mwaka 1983 Shirika la Afya Duniani likapitisha INR. Sekunde za mgonjwa zinagawiwa kwa wastani wa watu wazima wa afya katika maabara ile ile, kisha jibu linapandishwa kwa kipeo cha ISI, nambari ya nguvu ya tromboplastini iliyoandikwa kwenye boksi lake. Tuseme wastani wa Wete ni 12: 27 kwa 12 ni 2.25, na ISI ikiwa 1.1 unapata 2.4. Unguja wastani ukiwa 13 na ISI 1.05, zile 31 zinatoa 2.5. Mama hajabadilika.

Hiyo H ni mashine tu, inampima na mtu asiyemeza warfarini, ambaye INR yake ni kama 1. Mama anameza makusudi ipande. Kwa bonge la mguuni madaktari hutaka 2 hadi 3, naye yumo. Mwenye valvu ya chuma moyoni mara nyingi huwekwa juu zaidi, kwa hiyo karatasi ya mtu mwengine haikuhusu.

Ila tazama kichupa kile cha kizibo cha buluu. Ndani mna sitreti, dawa ya kuzuia damu isigande kichupani, sehemu 1 kwa 9 za damu, kwa hiyo damu lazima ifike kwenye mstari. Ikipungua, sekunde hurefuka za uongo. Mie vichupa vya nusu nilikuwa navirudisha wodini, wakininunia shauri yao.

Kisamvu ale. Kina vitamini K inayopingana na dawa, basi kiasi kiwe kile kile kila wiki, asikose siku nyingi halafu Ijumaa akajaza sahani.

Mwana wa Mkoani
Dada, ogopa zaidi maduka ya dawa. Baba aliumwa tumbo, akauziwa metronidazoli, dawa ya kuua vijidudu inayoipa warfarini nguvu, bila kuulizwa anameza nini. INR ikaruka mpaka 5, fizi zinatoka damu. Na vidonge vya maumivu kama diklofenaki na aspirini asipewe kienyeji. Siku hizi kadi yake ya warfarini tumeitia kwenye mfuko wa kanzu.

Bint Limbani
Ahsanteni. Kaka kasoma, kanuna, lakini kidonge karudisha. Mama anameza saa mbili usiku. Ramadhani je?

Mstaafu wa Maabara
Saa mbili usiku hata Ramadhani kashafuturu, asihamishe. Ila chakula chake kikibadilika sana, mwambieni daktari, huenda akataka kipimo mapema. Na akianguka akapiga kichwa, au choo kikawa cheusi ti, nendeni hospitali saa hiyo hiyo, msingoje miadi.